Mashoto Pembeni mwa Picha

Marlstoke, Oktoba 22, 1872

Kwa mdogo wangu Ambrose,

Nakusalimu. Miili yetu haijambo. Dolly ameota jino la tatu na anauma kila kinachopita karibu naye. Shangazi Thirza bado anakohoa, na bado anakana kwamba anakohoa. Nguruwe amenona, tutamchinja kabla ya Krismasi, kama atakuwapo mtu wa kumchinja.

Sasa nisikilize. Jumapili, tukiwa mezani, askari Biggs alikuja mlangoni kwetu na gazeti lenu mkononi. Hakuketi. Alisema, "Enoch, hebu vaa kofia yako."

Enoch akamuuliza, "Ya nini? Kuna mvua humu ndani?"

"We vaa tu, bwana."

Akaivaa. Biggs akatazama picha, akatazama kofia, akatazama tena picha. Kisha akasema, "Haya. Twende." Wakaenda. Chakula kiko mezani.

Unajua ile vurugu ya gulio la kuajiriana, tarehe kumi na mbili. Vibarua walikataa ujira waliotajiwa, yakaja matusi, ukarushwa udongo, na mwisho jiwe. Jiwe likampata mnyapara Hanslope, na jicho lake moja sasa halioni. Wiki nzima hakuna aliyejua nani kalirusha. Jumamosi gazeti likafika, na pembeni mwa picha yupo mwanamume aliyeinua mkono wa kushoto wenye jiwe. Kwenye kofia amefunga kamba ya mjeledi, kama wafungavyo waendesha mikokoteni wanaotafuta bwana. Ina mafundo matatu, na katikati uzi wa sufu.

Mafundo matatu na sufu. Nani mwingine hufunga hivyo katika wilaya hii? Sufu ile nilimpa mimi tulipokuwa tunachumbiana, na Enoch hajaifungua tangu hapo. Na nani mwingine hapa ni mashoto, isipokuwa mume wangu?

Wewe uko katika nyumba inayochonga picha hizo. Nataka jina la aliyeichora. Nataka kujua alisimama wapi siku ile. Usiniandikie juu ya hali ya hewa ya London.

Dada yako,
Keziah Dorrell

*

London, Oktoba 27, 1872

Kwa dada yangu mpendwa Keziah,

Barua yako nimeipokea na imenihuzunisha sana. Namshukuru Mungu kwa jino la Dolly. Mimi kifua kinanisumbua kidogo, lakini mama mwenye nyumba hunipa supu ya shayiri, na nguo nzito ninazo.

Kuhusu jambo la shemeji, naomba ieleweke kwamba mimi si mchoraji wala mchongaji. Mimi ni karani. Naandika daftarini mbao zinazoingia na zinazotoka, nakagua chapa ya kwanza, na natunga ule mstari wa maneno chini ya picha. Naomba pia ieleweke kwamba picha kubwa kama ile si kazi ya mtu mmoja. Ubao wake ni vipande sita vilivyokazwa pamoja kwa skrubu. Mchoraji akishamaliza kuchora juu yake, vipande hufunguliwa, kila mchongaji akachukua chake, ili kazi ya siku sita iishe kwa moja. Mmoja alichonga nyumba, mwingine farasi, mwingine nyuso. Hakuna anayeweza kusema, "Picha ile ni yangu."

Jina la mchoraji siruhusiwi kulitoa. Ni kanuni ya kazi yetu.

Nashauri mwe na subira. Mahakama za nchi hii hazimfungi mtu kwa karatasi. Msalimie shemeji kwa heshima.

Mdogo wako mtiifu,
Ambrose Tuckwell

*

Marlstoke, Novemba 6, 1872

Ambrose,

Sisi wazima. Shangazi anakusalimu, mimi siko tayari.

"Naomba ieleweke." Hivyo ndivyo unavyozungumza na mimi siku hizi? Mimi niliyeacha shule nina miaka kumi na mmoja, nikaenda kusugua ngazi za watu kwa magoti, ili wewe ubaki darasani ujifunze kuandika "naomba ieleweke"? Ningejua, ningekuacha ukawinge kunguru mashambani kama wenzako.

Unasema hawamfungi mtu kwa karatasi. Basi nikupe habari za karatasi yako. Kabla ya gazeti, hakuna aliyeona kitu. Biggs aliwauliza watu arobaini. Baada ya gazeti, watatu wameona. Fundi magurudumu ameona. Mke wa mwenye kilabu ameona. Yule mzee Gadd, ambaye hamwoni hata mbuzi wake mwenyewe, naye ameona! Nilimfuata Gadd hadi kwake.

"Mzee, ulimwona Enoch akirusha?"

"Nilimwona, mama. Kwa mkono wa kushoto."

"Ulikuwa wapi?"

"Pale pale, karibu na mti."

"Mti upi? Pale sokoni hapana mti."

Akanionyesha mti. Ndani ya gazeti.

Wamepeleka kesi mahakama kubwa ya Januari. Enoch yuko rumande mjini. Mwenye shamba ameniambia nyumba ni ya mwendesha mkokoteni wake, na kwa sasa hana mwendesha mkokoteni, kwa hiyo nikae hadi kesi ikatwe, baada ya hapo tutaona. Unajua maana ya "tutaona" kinywani mwa mwenye shamba.

Na huyo mchoraji wenu stadi, mwambie ajifunze kuvalisha watu. Mimi nashona nguo za wanaume tangu nina miaka kumi na minne. Nimekaa na picha ile mezani siku tatu. Kila mwanamume aliyemo, kuanzia kasisi hadi mlevi, amefunga kizibao chake kama mwanamke. Vifungo vyote upande usio wake. Watu ishirini na saba, nimewahesabu. Kipofu gani kawachonga?

Swali langu ni moja, na ni jepesi. Huyo mchoraji alifika Marlstoke? Alilala wapi? Kilabu hakikupokea mgeni. Kasisi hakupokea mgeni. Alilala na farasi?

Keziah

*

Marlstoke, Novemba 27, 1872

Ambrose,

Wiki tatu. Kama umekufa, niambiwe nivae nyeusi. Kama hujafa, jibu.

Mzigo wa kuni alioniletea jirani Jumatatu aliuacha njiani, asije akaonekana mlangoni kwangu. Hapo ndipo tulipofika.

K.

*

London, Desemba 1, 1872

Kwa dada yangu Keziah,

Nisamehe kwa kukawia. Nilikuwa mgonjwa siku kadhaa, na siku nyingine hazikuwa za ugonjwa. Nafurahi kwamba Shangazi hajazidiwa.

Nitakujibu swali lako, lakini nakusihi barua hii uichome. Mchoraji hakuja Marlstoke. Hakuja hata karibu. Ilikuja telegramu ya mistari saba: gulio, vibarua, vurugu, jiwe, jicho. Picha ilichorwa hapa hapa, ghorofa ya juu, Jumatatu. Ule mti ni wa picha nyingine.

Wala usidhani ni ajabu. Picha zetu nyingi za siku kuu, za soko, za jiko la maskini, huzaliwa hivyo. Mtu wa Edinburgh akizitazama hujiona ameingia nyumbani kwa mtu wa Kent na kuketi naye. Chini yake huandikwa: "Imechorwa mahali penyewe na mchoraji wetu." Mstari huo huandikwa na mimi.

Nilimwendea Bwana Pettifer, mkuu wetu. Usidhani sikujaribu. Nilisimama mlangoni kwake kwa muda mpaka akaniona.

"Una nini, Tuckwell? Mbona umesimama kama deni?"

"Bwana, kuna mtu amekamatwa kwetu Warwickshire. Kwa ajili ya picha yetu."

"Amekamatwa kwa ajili ya jiwe, kijana. Sisi haturushi mawe."

"Lakini bwana, mashahidi wanaitegemea picha. Na sisi hatukuwapo."

Akafunga mlango. Akasema taratibu, na taratibu yake ni mbaya kuliko kelele, "Msomaji akisoma ule mstari, amefika. Wewe ukienda kumwambia hatukufika, unamrudisha kwao kwa miguu. Hatatupanda tena. Unamkumbuka Osgood?"

Namkumbuka. Osgood alikuwa karani kabla yangu. Alimwambia mteja mmoja kwamba meli iliyozama katika toleo letu ilikuwa meli ya zamani iliyobadilishwa jina. Alifukuzwa bila barua ya sifa. Siku hizi anatembea barabarani na mbao mbili za tangazo la dawa ya viatu, moja kifuani, nyingine mgongoni, na akiniona huvuka upande wa pili.

Dada, bila barua ya sifa hakuna ofisi London itakayonifungulia mlango. Naogopa. Mpe wakili wa shemeji habari ya telegramu, lakini asiseme ameipata wapi.

Ambrose

*

Marlstoke, Desemba 13, 1872

Ambrose,

Sisi tupo. Nguruwe alichinjwa na kaka yake Enoch, na nyama niliitia chumvi peke yangu.

Habari ya telegramu nilimpa wakili. Akasema, "Mama, nani kasema?" Nikanyamaza kama ulivyotaka. Akasema, "Basi hakuna kitu." Hivyo ndivyo habari isiyo na mwenyewe ilivyo, haina hata miguu ya kuingilia mahakamani.

Jana nilikwenda kumwona Enoch. Amekonda, lakini mdomo wake haujakonda. Nikampitishia gazeti, maana hakuwa ameiona picha vizuri tangu siku ile ya Biggs. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akacheka mpaka mlinzi akageuka.

"Kezi," akasema, "muulize Bwana Karani, huyu mtu ana miguu ya nani?"

"Kwa nini?"

"Tazama magoti. Mwendesha mkokoteni gani ana magoti kama vijiko? Mimi na haya magoti ningeweza kusukuma gurudumu matopeni?"

Nikarudi nikawasha taa, nikatazama. Sikuwa nimetazama miguu. Nilikuwa nimekodolea kofia na vifungo.

Magoti yale nimeyaosha mimi, Ambrose, kila Jumamosi, ndani ya beseni, mpaka ulipofika miaka saba. Goti moja limeingia ndani kidogo. Na shingo ile ndefu iliyotoka kwenye kola kama kuku anayechungulia.

Mchoraji hakuja Marlstoke. Basi kofia ya mume wangu ilifikaje London? Nani aliibeba kichwani?

Niambie mwenyewe. Nataka kuisoma kwa mwandiko wako.

Keziah

*

London, Desemba 20, 1872

Keziah,

Mtu yule ni mimi.

Jumatatu ile Bwana Crale, mchoraji, alishuka ofisini na telegramu. Akauliza, "Tuckwell, wewe si wa huko huko? Njoo juu." Nikamweleza barabara, kilabu, mnara wa kanisa. Akaandika haraka. Kisha akasema anahitaji mrusha jiwe, na hakuna muda wa kumwita mtu wa kukaa kielelezo. Akanipa karatasi iliyokunjwa, akasema, "Rusha kama wanavyorusha kwenu."

Nikainua mkono. Mkono wa kulia, Keziah. Mimi si mashoto, unajua.

Sasa elewa jambo hili, maana ndilo lote. Chochote kinachochorwa kwenye ubao hugeuka kikipigwa chapa. Kulia huwa kushoto. Kwa hiyo mchoraji hupaswa kuchora kinyume, kama anatazama kwenye kioo, na Bwana Crale anajua hivyo kuliko mtu yeyote. Lakini alikuwa na haraka, na alinichora kama alivyoniona, na wengine wote akawapanga kufuata mimi. Wachongaji hawakugundua, kila mmoja aliona kipande chake tu. Maneno ya kibao cha kilabu huchongwa na mzee mmoja ambaye kazi yake ni herufi peke yake. Huyo hachongi chochote ila kinyume, kwa hiyo herufi zilitoka sawa na zikaficha kosa. Vifungo ndivyo vilivyobaki kusema. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuvisikia.

Hapana. Si wa kwanza. Niliviona Jumatano, kwenye chapa ya kwanza. Kazi yangu ni kuona. Bwana Pettifer alikuwa nyuma yangu akipiga kelele kwamba mashine inasubiri, na nikaandika "Sawa" pembeni, nikatia sahihi. Nilijiambia nani atajali vifungo.

Kofia pia ilitoka kwangu. Bwana Crale aliuliza waendesha mikokoteni huvaaje, nami nikamwambia mafundo matatu na sufu, kwa kuwa ndiyo kofia niijuayo.

Nimeandika haya yote kwenye karatasi ya pili na kutia sahihi. Mpe wakili. Siwezi kuja. Nikionekana pale nimekwisha.

Ambrose

*

Marlstoke, Desemba 23, 1872

Ambrose,

Wakili anasema karatasi haili kiapo. Anataka mtu.

Umesimama kielelezo kwa ajili ya Bwana Crale, ghorofa ya juu, bila kuombwa mara mbili. Sasa njoo usimame kwa ajili yangu.

Januari 7, Jumanne, saa nne asubuhi. Hutalala kwangu. Kuna kilabu.

Keziah

*

London, Januari 9, 1873

Kwa dada Keziah,

Nakusalimu na kukutakia heri ya mwaka, ingawa najua hutaki salamu zangu. Niliondoka kabla ya uamuzi. Nilishuka kizimbani, nikaona mlango uko wazi, nikatoka, na miguu haikusimama hadi stesheni.

Nilipofika kazini jana niliikuta kofia yangu na kalamu zangu juu ya kiti, nje ya mlango. Ndani hakuna aliyenitazama. Bwana Crale peke yake alitoka hadi ngazini, akanishika bega, akarudi ndani.

Sina haki ya kuuliza. Nauliza neno moja tu: ametoka au hakutoka?

Ambrose

*

Marlstoke, Januari 14, 1873

Ambrose,

Sote wazima. Dolly anasimama kwa kushika kiti.

Nitakuandikia mambo yalivyokuwa kwa sisi tuliokaa juu, maana wewe muda wote ulikuwa unatazama sakafu.

Ulijibu kwa sauti ndogo hata jaji akasema, "Bwana mdogo, mahakama ina masikio ya kawaida." Wakili akakuambia uinue mkono kama siku ile, na watu wakacheka, kwa kuwa yule wa kwenye picha alikuwa amesimama mbele yao, na magoti yake. Kisha wakapitisha gazeti kwa wale kumi na wawili wa baraza wanaoamua kesi, na mmoja wao, fundi cherehani, akajishika kizibao, akatazama picha, akajishika tena. Akawaonyesha wenzake. Nikaona vidole vya watu kumi na wawili vikipapasa vifungo.

Nilidhani tumeshinda. Ndipo akasimama yule wakili wa upande wa pili, mwenye pua.

"Bwana Tuckwell, mkono tumeuelewa. Kofia je? Umekiri uliiona kofia ya mshtakiwa akilini mwako. Kwa nini yake? Si kwa sababu ulijua ni mtu wa kurusha mawe?"

"Hapana, bwana."

"Basi kwa nini?"

Nikajua utasema lile uliloniandikia, kwamba ndiyo kofia uijuayo.

Ukasema, "Kwa sababu simpendi."

Jaji akainua kichwa. Yule mwenye pua akasema, "Sema tena."

Na ukasema tena, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwako. "Simpendi. Ananiita Bwana Karani mbele za watu. Siku ya arusi yake alinibeba begani kama gunia, akanizungusha kilabuni, na dada yangu akacheka. Nilitaka nimwone gazetini akiwa mhuni, nchi nzima imwone, na yeye asijue kwamba ni mimi. Nilitaka aibu. Sikujua itakuwa jela."

Kisha ukashuka, ukaenda zako.

Baraza halikwenda hata chumbani kushauriana. Walinong'onezana pale pale walipokaa. Yule fundi cherehani aliniambia baadaye nje, "Mama, vifungo tungeweza kubishania. Lakini mtu hali kiapo cha kujivua nguo namna ile kama si kweli." Enoch ametoka. Jiwe bado halina mwenyewe, na Gadd sasa anasema alikuwa na shaka tangu mwanzo.

Nyumba hatuna. Mwenye shamba amepata mwendesha mkokoteni mwingine wakati wa kusubiri. Enoch amepata kazi ya farasi kaskazini, kwenye mgodi, na tunaondoka Alhamisi.

Nilimuuliza njiani kama anakukasirikia. Akacheka, unamjua. Akasema, "Nimkasirikie? Lile ndilo neno la kwanza la kweli aliloniambia tangu siku niliyokuoa. Mwambie na mimi simpendi, na siku tukikutana nitamnunulia bia." Yeye amemaliza. Ndivyo walivyo watu wa mdomo mpana, vitu havikai ndani yao.

Mimi sijamaliza. Uliposema pale kizimbani kwamba nilicheka siku ile, ni kweli nilicheka, na nakuomba radhi kwa hilo. Niliona wewe ni mdogo wangu na yeye ni mume wangu na nyote wawili ni wangu. Hilo naliweka upande mmoja.

Upande wa pili ni huu. Mume wangu ulimchukia, na chuki hiyo ilipofunguliwa mdomo ilimtoa ndani kwa asubuhi moja. Mimi ulinipenda. Sina shaka, ulinipenda siku zote. Na kwa kunipenda huko ulikaa wiki nane na jibu mkononi, ukiniandikia habari za supu.

Sijui la kufanya na mtu wa namna hiyo. Barua za mwisho zitanikuta hapa hadi Alhamisi asubuhi. Usiandike.

Keziah